Praima ya kumalizia umbo la moldi

Ndugu, uliuliza praima na rangi nafuu za kumalizia umbo la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) kabla ya kulitolea moldi ya faibaglasi. Rangi ya selulosi au ya mafuta usiiguse, hata ikiwa ndiyo rahisi dukani: staireni, kiyeyushi kilichomo kwenye jelikoti (tabaka la kwanza la resini ya moldi), huilainisha, ikajikunja kama utando wa maziwa, na kila kunyanzi huhamia kwenye moldi. Nunua praima nene ya magari, ile ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikausha iwe ngumu) kwa kipimo kilichoandikwa koponi. Pulizia mara 3, kisha msasa wa maji: namba 320, halafu 600, mwisho 1000. Kwa moldi moja tu, rangi ya juu si lazima. Pesa hiyo nunulia nta. Praima iache wiki nzima ikomae, thina ikibaki ndani moldi itanata. Paka nta mara 5 au 6, juu yake PVA, utando mwembamba wa kuachanisha moldi na umbo.