Nimeacha ngano, kipimo kimetoka hasi. Sina siliaki?

SWALI: Daktari, nilisumbuliwa na gesi, kuharisha na upungufu wa damu. Mtaalamu wa lishe alinipima "vyakula 200" kwa tone la damu, akanikataza ngano. Sasa ni miezi mitano na nina nafuu. Juzi hospitali wamenipima siliaki, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia utumbo kwa sababu ya ngano, majibu hasi. Nirudie chapati? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada, majibu hayo hayakuambii lolote. Kipimo kilitafuta kingamwili za aina ya IgA dhidi ya transglutaminase, kimeng'enya cha mwili wenyewe, na hizo hushuka ukiacha gluteni, protini ya ngano. Umekwenda kumkamata mwizi aliyekwishahama mtaa.

Nafuu nayo si ushahidi. Ngano ina fruktani, wanga unaochachuka tumboni, na wengi wakiiacha gesi hupungua bila kuwa na siliaki. Ila upungufu wa damu siwezi kuupuuza, maana unaweza kuwa dalili ya siliaki.

Kwa hiyo ndiyo, rudia chapati, tena kwa makusudi: ngano kila siku, zaidi ya mlo mmoja, angalau wiki sita, daktari wako akijua. Kisha rudia kipimo pamoja na jumla ya IgA, maana mwenye upungufu wa IgA anaweza kutoka hasi huku anaumwa. Ukishindwa kuivumilia ngano, omba kipimo cha jeni za DQ2 na DQ8, ambazo karibu kila mwenye siliaki ana mojawapo. Ukikosa zote mbili, siliaki karibu haiwezekani. Kuwa nazo hakuthibitishi kitu, watu wengi wazima wa afya wanazo.

Kingamwili zikiwa juu, inafuata endoskopia (mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni) na vinyofu vya duodeni, yaani vipande vidogo vya mwanzo wa utumbo mwembamba, angalau vinne, kwa kuwa madhara huwa ya mabaka. Vinapangwa kwa madaraja ya Marsh: 1 limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) zimeongezeka tu, 3 vinyweleo vya utumbo vimesinyaa. Hata Marsh 3 peke yake si siliaki. Kimelea cha Giardia, na hata dawa ya presha ya olmesartani, huleta picha hiyohiyo.

Hiyo karatasi ya "vyakula 200" itupe. Inapima IgG, aina nyingine ya kingamwili, ambayo huonyesha zaidi ulichozoea kula. Kila wiki naletewa mtu aliyeachishwa ngano, maziwa na mayai kwa karatasi kama hiyo, wakiwemo watoto wanaopungua uzito, na muuzaji ndiye huyohuyo mwenye unga "maalumu" dukani. Anayekwambia uache kwanza upime baadaye, mwulize baadaye atapima nini.