Leseni ya tiba ya upumuaji Marekani: je, leseni ya uuguzi inahamishika?

SWALI: Mdogo wangu ni muuguzi mwenye leseni hapa Tanga, na kwa miaka 6 amehudumia wagonjwa wa oksijeni wodini. Wakala anamtaka alipe ada ya "kuhamisha leseni" ili asajiliwe California kama mtaalamu wa tiba ya upumuaji. Alipe? – Msomaji, Ngamiani

JIBU: Asilipe. Hapo hakuna cha kuhamisha. Marekani tiba ya upumuaji ni fani inayojitegemea, ina vyuo vyake na mitihani yake, na uzoefu wa wodini, hata uwe mwingi vipi, hauzibi pengo la chuo.

NBRC, bodi inayotunga mitihani hiyo, inataka mtahiniwa awe amehitimu programu iliyoidhinishwa na CoARC, chombo kinachokagua mafunzo ya fani hii. Ngazi ya chini kabisa ni shahada ndogo ya miaka 2. Waliosajiliwa Kanada wana njia yao. Sisi hatuna.

Akishahitimu ndipo anafanya TMC, mtihani wa kwanza wa NBRC. Kwa muundo ulioanza 2015, ni maswali 160 kwa saa 3. Yanayohesabiwa ni 140. Mengine 20 ni ya majaribio, ila hutayajua ni yapi, na kwa kuwa jibu baya halipunguzi alama, usiache swali tupu. Mtihani huo mmoja una alama mbili za kufaulu. Ukifika ya chini unapata CRT, cheti cha ngazi ya kwanza. Ukifika ya juu unaruhusiwa kufanya mtihani wa pili, wa kumhudumia mgonjwa wa kuigiza kwenye kompyuta, nao ndio unaokupa RRT, cheti cha ngazi ya juu. Wengi huridhika na CRT, kumbe California tangu 2015 haimpi leseni mpya asiye na RRT.

Cheti cha NBRC chenyewe bado si leseni. Leseni hutolewa na kila jimbo (Alaska pekee haina), na California hudai pia alama za vidole na kozi ya sheria na maadili.

Watu wetu hukwama zaidi kwenye majina: pasipoti ina majina matatu, cheti cha masomo kina mawili na herufi moja katikati. Ayalinganishe kabla ya kujisajili. Matokeo ya chuo nayo yatumwe na chuo chenyewe. Nakala aliyobeba mkononi hurudishwa.

Kama shida yake ni kufanya kazi Marekani tu, mtihani wa uuguzi wa NCLEX-RN unamfaa zaidi, maana hapo masomo yake ya uuguzi yanaweza kutathminiwa.