Jibu: Sampuli za Lengai zimegeuka nyeupe, nizikaushe kwenye oveni?

Salaam ndugu. Umeuliza kama lava uliyoichukua Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, kwa ajili ya utafiti wako wa uzamili, iliyokuwa nyeusi na sasa imekuwa nyeupe ndani ya boksi, itarudi hali yake ukiikausha kwenye oveni. Haitarudi. Madini yake makuu, nyerereiti (ndiyo, limepewa jina la Mwalimu) na gregoriti, ni kabonati za sodiamu, potasiamu na kalsiamu. Yanayeyuka kwenye maji, na hata unyevu wa hewani unayageuza kuwa madini mengine. Oveni itaondoa maji tu.

Kwanza vunja kipande kikubwa kuliko vyote utazame katikati. Kama kuna kiini cheusi, kitenganishe leo hii: mfuko usiopitisha hewa, silika jeli (vipunje vya kunyonya unyevu) ndani, kisha mfuko wa pili juu yake. Andika tarehe na saa ya kuchukua sampuli, maana umri wa lava ndio utakaoeleza weupe huo.

Halafu zungumza na fundi wa maabara kabla hajagusa msumeno. Hapa ndipo wengi huharibikiwa: akikata na kusugua slaidi (kipande chembamba cha mwamba cha kutazama kwa hadubini) kwa maji kama kawaida, madini yanaondoka na maji na unabaki na matundu. Mwombe atumie mafuta ya taa au ethanoli.

Zilizokwisha kuwa nyeupe usizitupe. Hazifai kwa kemia ya magma asilia (mwamba ulioyeyuka kabla haujatoka ardhini), lakini kwa sura ya tasnifu yako kuhusu mabadiliko ya miamba ni data halali kabisa. Mweleze msimamizi wako hivyo mapema.