Nataka Kunywa Chai Nikiwa Nimekaa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 58, ni mwalimu wa shule ya msingi Temeke na naishi Chanika. Nimefundisha miaka 33, mingi nikiwa na darasa la kwanza. Nimebakiza mwaka mmoja na miezi saba nifike 60, na siku hiyo naisubiri kama mtoto anavyosubiri Idi. Naamka saa kumi alfajiri niwahi daladala, narudi jua limezama. Ninachotaka ni kunywa chai nikiwa nimekaa, nimwagilie mchicha wangu, nikisikia usingizi nilale. Lakini binti yangu ameshatangaza kwamba nikistaafu atamwondoa dada wa kazi na wajukuu watatu watashinda kwangu. Kijana wangu anauliza mkupuo, zile hela za kustaafu zinazolipwa mara moja, utakuwa shilingi ngapi. Walimu wenzangu wanasema mstaafu asiye na mradi hamalizi miaka miwili, nifuge kuku. Baba watoto alistaafu miaka mitatu iliyopita, anashinda kwenye bao, na hakuna anayemuuliza kitu. Shangazi, ni uvivu kutaka kupumzika? — Mama wa Chanika*

Marahaba, ingawa kwa umri huo ungeniita dada tu. Nimekutangulia miaka saba.

Uvivu hapo siuoni. Ninachokiona ni ile sentensi uliyoiweka mwishoni kana kwamba haina uzito: hakuna anayemuuliza baba watoto kitu. Hapa mjini mwanamume akistaafu, watu wanasema mzee anapumzika. Mwanamke akistaafu wanasema, "Mama sasa ana nafasi." Ukishaambiwa una nafasi, jua kuna mtu ameshaipangia kazi.

Mimi yalinikuta. Wiki ya kwanza ya kustaafu nilijikuta sebuleni saa kumi na moja alfajiri, nimeoga, nimefunga kilemba, mkoba mapajani, sina pa kwenda. Nikaona aibu, nikaanza kukubali kila nililoitiwa. Kamati ya harusi, sawa. Utunza hazina wa kikoba, sawa. Msibani mimi ndiye mwenye orodha ya sufuria. Ulipofika mwezi wa nane nilikuwa nadaiwa mahudhurio kuliko nilivyodaiwa kazini, na safari hii hakuna mshahara. Nilipotaka kujitoa walikasirika, na haki walikuwa nayo, kwa sababu nilikuwa nimewazoesha.

Wewe bado hujamzoesha mtu. Au umeshamzoesha? Likizo ya Juni iliyopita ulikaa na wajukuu siku ngapi? Naona kama najibiwa: zote. Basi binti yako hajakuonea, ameangalia likizo zako akapiga hesabu. Kwa hiyo mazungumzo yasingoje barua ya kustaafu. Mwite kabla ya likizo ya Desemba, umwambie siku unazoweza. Sema siku kwa majina. Ukisema "nitasaidia saidia" utaletewa na magodoro. Kama ni Jumamosi, iwe Jumamosi, waje wamekula asubuhi, wachukuliwe kabla ya magharibi. Na umwambie mapema asimwachishe kazi yule dada wa watu kwa kutegemea mgongo wako, maana naye ana kwao wanaomtegemea.

Atanuna. Mwache anune. Wewe uliwalea wako huku ukiandika andalio la somo kwa taa ya kibatari, hukumpelekea mtu.

Kuhusu kijana, jibu lake ni fupi: mkupuo haujaingia, na ukiingia haumhusu. Ila wewe mwenyewe hesabu zikuhusu sana, kwa sababu huo utulivu unaoutamani utalipiwa na pensheni ya kila mwezi. Tangu mifuko minne ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, tumegombana na kikokotoo, ile hesabu ya kupigia mafao, hadi tukachoka. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kupandisha mkupuo kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa watumishi ambao zamani walikuwa wakipata 50. Nenda ofisini kwao mwenyewe, uliza wewe uko kundi gani, na michango yako yote inaonekana au kuna miezi iliyoruka. Beba barua ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa kazini. Angalia kama jina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana na vya kitambulisho cha taifa cha NIDA. Herufi moja tu inaweza kukuzungusha miezi, na wakati huo mshahara umeshakatika. Ukiwa huko ulizia pia bima ya afya itakuwaje kwako na kwa mzee. Fanya haya sasa ukiwa bado una mwalimu mkuu wa kukugongea muhuri.

Kuku? Wafuge kama unawapenda. Lakini kuku wa nyama wanataka joto usiku, chanjo kwa tarehe, maji kila saa, na wiki ya tano au ya sita uwe na mnunuzi mlangoni, la sivyo wanakula faida yako wakikutazama. Hiyo ni ajira nyingine, tena ya kuamka saa kumi. Hao walimu wenzako wanaogopa kukaa kimya, na wewe hujasema unaogopa. Una mchicha. Mchicha wiki tatu nne unachuma, ukiuchelewesha siku mbili haukupigii kelele. Unatosha, na ukizidi utauza fungu mbili tatu kwa jirani.

Anza mazoezi Jumapili hii. Usifue, usisahihishe madaftari mpaka saa nne. Chai weka iliki, kaa nayo nje. Mikono itakuwasha, kubali.

Na baba watoto usimkasirikie, mwenzio amepata tu asichonyimwa. Ila mwambie mapema, akiwa ameshiba, kwamba kuanzia siku utakayostaafu chakula cha mchana Jumanne na Alhamisi ni zamu yake. Miaka mitatu kwenye bao anajua kuhesabu vizuri, vikombe viwili vya mchele havitamshinda.