Helikopta inazunguka kama pia

Swali: Mhariri, helikopta yangu ya rimoti ikinyanyuka tu inazunguka kama pia. Nimekosea wapi? – Msomaji, Tabora

Jibu: Ndugu, mshukiwa wa kwanza ni jairo (kifaa kinachohisi helikopta ikigeuka na kusahihisha mkia) iliyowekwa kinyume. Chomoa waya za mota kuu, kisha washa umeme. Sukuma kijiti cha mkia kulia, tazama panga ndogo za nyuma zinainama upande gani. Kiachie, kisha geuza pua kushoto kwa mkono, ghafla: panga ziiname upande uleule. Zikienda kinyume, badili mwelekeo wa jairo kwenye mipangilio. Zikiwa sawa, kagua mkanda wa mkia, ule unaozungusha panga za nyuma. Ukilegea huruka meno. Jaribu alfajiri, upepo haujaamka, ukiwa mita 5 nyuma yake. Na mbali na miembe, tafadhali.