Kompyuta 12 na kidato cha pili: nianzie wapi kufundisha ufikivu wa kidijitali?

SWALI: Nafundisha TEHAMA kidato cha pili. Nina kompyuta 12 za Windows na intaneti ya kubahatisha. Nataka wanafunzi wajue kutengeneza kazi ambazo hata wasioona wataweza kuzitumia. Nilifikiria kuwafunga vitambaa machoni wajaribu kompyuta. Unashauri nini?

JIBU: Vitambaa achana navyo, Mwalimu. Ukimfunga mtu macho kwa dakika kumi, atapapasa kibodi, atacheka, kisha ataondoka na huruma tu, akidhani asiyeona huhangaika hivyo kila siku. Kumbe aliyezoea kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, huisikiliza sauti kwa kasi ambayo mimi na wewe hatuambulii neno. Kasoro itafute kwenye hati.

Pakua NVDA ukiwa penye mtandao. Ni kisoma skrini cha bure, na unaweza kutengeneza nakala ya kuweka kwenye flashi, ukahama nayo kompyuta hadi kompyuta bila kuisakinisha. Sauti inayokuja nayo, eSpeak NG, ina Kiswahili. Cha roboti, watacheka, waache. Tumia kompyuta moja na spika. Zote 12 zikisema kwa pamoja, utajuta.

Zima skrini, fungua tangazo halisi la shule. Ratiba ya mtihani iliyopigwa picha kwa simu na kubandikwa kwenye Word itatajwa kuwa ni picha, basi. Siku, saa, chumba cha mtihani: kimya. Wape hiyo ratiba waichape upya kama jedwali, wasikilize tena.

Kwenye vichwa vya habari ningekaa kipindi kizima. Wengi hukoleza maandishi na kuyakuza, wakaona wameweka kichwa. Bonyeza Insert pamoja na kitufe cha nafasi, kisha Insert na F7: NVDA itaorodhesha vichwa vya hati. Vilivyokolezwa tu havimo. Vilivyowekwa kwa mitindo ya vichwa ya Word (Heading 1, Heading 2) vimo, na msomaji anaruka moja kwa moja hadi anachokitaka. Rangi haichukui muda: uwiano wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma uwe angalau 4.5 kwa 1, kwa hiyo njano juu ya nyeupe haifai.

Kama darasani yumo asiyeona, usimsimamishe mbele awe kielelezo. Muulize faraghani kama angependa kukagua kazi za wenzake; akikataa, yaishe.

Usiligeuze kuwa somo la siku moja. Kila kazi ya Word au slaidi itakayofuata, tenga alama 2 kati ya 10 za vichwa na maelezo ya picha (alt text), yaani maneno ambayo kisoma skrini husoma kinapofika kwenye picha.