Jibu kwa mwenye iMac ya inchi 21.5 ya 2017: inafunguka, ila uifungue kwa ajili ya RAM tu

Ndugu mleta mada, umeuliza kama iMac yako ya inchi 21.5 ya mwaka 2017, yenye kioo cha 4K, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na diski ya kuzunguka ya TB 1, inaweza kuongezewa uwezo, na kama fundi aliyekuambia kwamba mashine hizo hazifunguki alisema kweli. Ninayo mashine ya toleo hilohilo, na nimeifungua mpaka ubao mama ukatoka nje. Inafunguka. Swali ambalo mafundi wengi hawalijibu ni kipi hasa kinachostahili usumbufu huo, na kwa maoni yangu ni RAM peke yake.

Kabla ya yote hakikisha mwaka wa mashine yako kupitia menyu ya nembo ya tufaha iliyo juu kushoto, mstari wa kwanza, kwa sababu iMac za miaka hii zinafanana sana kwa nje. Ile ya inchi 21.5 iliyotoka mwishoni mwa 2015 RAM yake imelehemiwa kwenye ubao mama, na mwenye nayo asijisumbue kuifungua kwa ajili hiyo. Katika toleo la 2017 Apple waliirudisha RAM ya kuchomeka: kuna nafasi mbili za SO-DIMM (vipande vifupi vya RAM), aina ya DDR4 ya 2400 MHz, na jumla inaweza kufika GB 32. Prosesa ya matoleo ya 4K nayo imekaa kwenye soketi, ilhali ile ya bei ya chini ya mwaka huohuo, yenye kioo cha kawaida na prosesa ya 2.3 GHz, prosesa yake imelehemiwa. Chipu ya picha imelehemiwa, hiyo uisahau. Wenye inchi 27 za mwaka huo wana raha yao: wakichomoa waya wa umeme wanabonyeza kitufe kilicho ndani ya tundu lake, mlango mdogo wa nyuma unafunguka, na nafasi nne za RAM ziko wazi mbele yao bila kugusa kioo.

Sasa diski, maana ndiyo inayokutesa. Diski iliyomo ni ya inchi 2.5, inazunguka mara 5400 kwa dakika, na haikuwahi kuwa nyepesi. Hali ilizidi kuwa mbaya kuanzia macOS (mfumo endeshi wa Apple) Mojave ya mwaka 2018, ambayo ilibadilisha hata diski za kuzunguka zikatumia mfumo wa mafaili wa APFS. Mfumo huo ulibuniwa kwa kuzingatia SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka. Hauandiki juu ya data ya zamani bali huandika mahali papya, hivyo kwenye diski ya kuzunguka vipande vya faili moja husambaa na kichwa cha kusomea hulazimika kuvifuata kimoja kimoja. Ndiyo maana watu wengi husema mashine yao ilikuwa nzuri mpaka waliposasisha.

Hata hivyo tatizo hili linatibika bila bisibisi. Nyuma ya iMac yako kuna matundu mawili ya Thunderbolt 3, ambayo hupokea pia USB ya 10 Gb/s, wakati njia ya SATA iliyo ndani, ambayo diski yako inaitumia, mwisho wake ni 6 Gb/s. Kwa hiyo SSD ya NVMe (aina ya kasi zaidi) ndani ya kasha zuri la nje inaweza kuipita kwa kasi SSD ya SATA ambayo fundi angekuwekea ndani. Toleo la 2017 halina chipu ya usalama ya T2, kwa hiyo hakuna ulinzi wa kuzima kwanza: unasakinisha macOS kwenye diski ya nje, unawasha huku umeshikilia kitufe cha Option, unaichagua, kisha unaifanya kuwa ya kudumu kwenye mipangilio. Hasara yake ni waya unaoning'inia, na anayefuta vumbi mezani akiuchomoa mashine ikiwa inafanya kazi, itakwama papo hapo. Mimi nimeibandika SSD nyuma ya mguu wa mashine kwa utepe wa gundi ya pande mbili.

RAM haina njia ya mkato. Kioo kimebandikwa kwa vipande vya gundi pande zote, na hukatwa kwa kijigurudumu maalumu cha plastiki kinachopitishwa katika ufa kati ya kioo na bati. Unapofika juu katikati, ilipo kamera, usikizamishe. Kwanza kabisa weka kitu cha kuzuia bawaba ya mguu, kwa sababu mashine ikiyumba mbele wakati mikono yako imeshika kioo, utanunua kioo. Gundi ikiachia, inua upande wa juu kidogo tu: kuna waya mbili bado zimeunganishwa, wa umeme na wa picha, na zote mbili ni fupi. Ukishazichomoa, malizia gundi ya chini polepole.

Ndani utaona kwamba soketi za RAM ziko nyuma ya ubao mama, upande usiofikika. Inabidi zitoke spika, diski na kishikio chake, ubao wa umeme, feni, na waya ndogo za antena, kabla ubao mama wenyewe haujatoka. Bisibisi za nyota T8 na T10 zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Ubao wa umeme hauna kasha, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya, kwa hiyo ushike kwa kingo tu. Mashine ambayo imekaa Dar es Salaam miaka kadhaa utaikuta na blanketi la vumbi kwenye feni na mapezi ya kupozea. Kulisafisha kulinipunguzia kelele kuliko nilivyotarajia.

Ubao ukiwa mkononi utashawishika kubadilisha na prosesa, kutoka i5-7400 kwenda i7-7700, ambayo Apple wenyewe waliiuza katika toleo hili na ambayo ni ya wati 65 vilevile. Inawezekana, ukipaka pasta mpya ya kupozea. Nisingeishauri, kwani macOS ya mwisho inayokubalika rasmi kwa mashine hii ni Ventura ya mwaka 2022, matoleo yaliyofuata hayaikubali hata ikiwa na prosesa mpya, na fedha hiyo ina kazi bora zaidi ya kununulia GB 16 au 32 za RAM.

Kabla ya kubandika gundi mpya, unganisha waya za kioo, kishikilie kwa utepe wa karatasi, uwashe, na uhakikishe kwamba RAM yote inasomeka na sauti, Wi-Fi na feni vinafanya kazi. Vipande vya gundi vilivyokatwa kwa umbo la inchi 21.5 huuzwa kama seti, na uwe navyo kabla ya kukata vya zamani. Ukimpelekea fundi, mwombe akuonyeshe seti hiyo kwanza. Akisema atatumia gundi ya kawaida ya simu, irudishe mashine nyumbani ikiwa imefungwa.